Hi-fi ama Haifai? Spika Ndiyo Huchagua Amplifaya, Na Historia Iko Upande Wangu

Swali ninaloulizwa sana na wasee wanaojijengea spika ni hili: "Nimemaliza boksi zangu, sasa ninunue amplifaya ya wati ngapi?" Hakuna anayeniuliza spika zake zinataka nini. Wote wanaanza na wati, kama mtu anayenunua viatu kwa kuangalia bei bila kuangalia mguu.

Msimamo wangu nauweka hapa juu mapema. Wati ndiyo namba ya mwisho unayopaswa kuangalia. Spika zako ndizo huchagua amplifaya, si wewe, na hakika si yule jamaa wa dukani. Sisemi hivi kwa sababu nina masikio ya dhahabu. Nasema kwa sababu hiki kitu kina historia ya karibu miaka 100, na kila kosa tunalofanya leo Luthuli Avenue lilishafanywa na watu wengine, wakalipia, wakaandika. Sisi tunalipia tena kwa sababu hatusomi.

Na lugha yetu yenyewe ilituonya. Hi-fi, ukiitamka vile inatamkwa, inasikika "haifai". Amplifaya nzuri kwa spika isiyo yake ni hivyo tu. Haifai.

Twende nyuma kidogo. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric huko Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha kazi yao kuhusu aina mpya ya spika. Koni ya karatasi, koili ndogo ya waya nyuma yake, sumaku inaizunguka. Umeme wa muziki ukipita kwa koili, koni inasukumwa mbele na nyuma, hewa inatikisika, unasikia sauti. Ukifungua wufa yoyote leo, hata ile umetoa kwa gari kuukuu, utakuta karibu kitu kilekile.

Ile sehemu husahaulika ni hii: Rice na Kellogg hawakuishia kwa spika. Walitengeneza na amplifaya ya kuisukuma, kwa sababu vifaa vya wakati huo havikuwa na nguvu ya kutosha. Mwaka 1926 spika yao ikaanza kuuzwa kwa jina Radiola 104, na ndani ya kabati lake kulikuwa na amplifaya tayari. Nguvu yake ilikuwa kama wati 1. Moja. Kwa hivyo spika ya kisasa na amplifaya yake zilizaliwa pamoja, kwa nyumba moja, na watu walewale. Kuzitenganisha ni biashara ya baadaye. Kila msee anayejenga spika nyumbani leo anajaribu kuwarudisha pamoja ndugu waliotenganishwa, ndiyo maana lazima ujue tabia ya mmoja kabla ya kumtafuta mwingine.

Miaka hiyo amplifaya zote zilikuwa za vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama jiko la makaa. Vali ni tamu lakini ni ghali, zina joto, na wati zake ni za kuhesabu. Chukua vali maarufu ya Western Electric inayoitwa 300B, ya mwaka 1938. Ikifanya kazi peke yake hutoa kama wati 8. Na teknolojia ya aina hiyo ndiyo ilikuwa inapeleka sauti ndani ya majumba ya sinema yaliyojaa watu. Waliwezaje? Jibu liko kwa spika. Walitumia honi kubwa, zile zenye mdomo unaopanuka kama tarumbeta, na honi hubadilisha umeme kidogo kuwa sauti nyingi. Wati zilikuwa adimu, kwa hivyo spika ikalazimika kuwa nyepesi kusukumwa.

Paul Klipsch, aliyefungua kampuni yake mjini Hope, Arkansas, mwaka 1946, aliipeleka hiyo akili hadi sebuleni. Spika yake, Klipschorn, hukaa kwa kona ya chumba, na kuta zenyewe zinakuwa sehemu ya honi. Ni kabati refu la kufika kifua cha mtu, lakini wati 1 tu inatosha kukufanya uombe msamaha kwa jirani.

Mwaka uliofuata, Aprili 1947, gazeti la Uingereza la Wireless World lilichapisha mchoro wa amplifaya ya D.T.N. Williamson. Ilikuwa na wati 15, na uchafu wa sauti ulikuwa chini ya asilimia 0.1. Hiyo ilikuwa kazi safi kupita kiasi kwa wakati wake. Na mchoro ulitolewa wazi, vipimo vya transfoma na kila kitu, ili mtu yeyote mwenye chuma cha kulehemu risasi ajijengee. Watu walijenga Uingereza, Marekani, Australia. Mafundi wa nyumbani hawakuwa wateja pembeni ya hi-fi. Ndio walioibeba.

Basi hadi hapo sheria ilikuwa rahisi: spika kubwa, nyepesi, amplifaya ndogo, safi. Kisha mwaka 1954 mambo yakageuka.

Edgar Villchur alikuwa anafundisha somo la sauti jioni katika New York University. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana anaitwa Henry Kloss. Kloss aliwahi kuingia MIT na hakuwahi kumaliza shahada. Alikuwa anachonga na kuunganisha makabati ya spika kwa mkono, akiuzia watu wapenda muziki. (Mimi pia niliacha chuo, na najua mtu ashaanza kutabasamu. Tulia. Kloss aliacha MIT, hakuacha kusoma. Jioni alikuwa darasani kwa Villchur. Hiyo ndiyo tofauti inayomaliza wengi wetu.)

Villchur alikuwa na wazo lililoonekana la kichaa. Badala ya koni kushikiliwa na mpira mgumu wa pembeni, alilegeza huo mpira, kisha akafunga boksi kabisa, hewa isitoke wala kuingia. Hewa iliyofungwa ndani ikawa ndiyo springi. Hewa hurudisha koni kwa usawa kuliko kitambaa na mpira, kwa hivyo besi ikawa safi na ya chini, kutoka kwa boksi la kuweka kwenye rafu ya vitabu. Wawili hao wakaanzisha Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, na spika yao ya kwanza ikaitwa AR-1. Ile iliyofuata baadaye, AR-3 ya mwaka 1958, leo iko kwenye makavazi ya Smithsonian.

Mwaka 1958 ndio pia santuri za stereo zilianza kuingia sokoni kwa kasi. Fikiria familia iliyokuwa imevumilia kabati moja kubwa kama friji sebuleni, sasa inaambiwa inahitaji mawili. Mama mwenye nyumba yoyote duniani angesema hapana. Boksi ndogo zikashinda.

Lakini zilikuja na bili. Mwaka 1957 Kloss alikuwa ashaondoka na kuanzisha KLH na wenzake wawili. Mmoja wao, Josef Anton Hofmann, ndiye jina lake limebaki kwenye kile kinaitwa Sheria ya Chuma ya Hofmann. Iko hivi: kuna boksi dogo, kuna besi ya chini kabisa, na kuna sauti kubwa kwa wati kidogo. Chagua mbili. Ni kama kutafuta nyumba ya kukodi Nairobi: rent ya chini, karibu na tao, na yenye nafasi. Ukipata zote tatu, uliza vizuri, kuna mtu anakudanganya.

Villchur alichagua boksi dogo na besi ya chini. Kilichotolewa sadaka ni wepesi. Spika zake zilikuwa nzito kusukuma, zikadai amplifaya yenye misuli. Pale ndipo mbio za wati zilianzia. Hazikuanza kwa sababu masikio ya watu yalibadilika. Zilianza kwa sababu boksi lilipungua.

Hesabu yenyewe ni hii, na ukiielewa hutawahi kudanganywa tena. Wepesi wa spika hupimwa kwa desibeli, ukiwa mita 1 mbele yake, ikipewa wati 1. Kila ukitaka kuongeza desibeli 3, lazima uongeze wati mara mbili. Ukitaka kuongeza desibeli 10, wati mara kumi. Sasa weka spika mbili. Ya kwanza ina desibeli 86, boksi dogo la kawaida. Ya pili ina 96, boksi kubwa lenye wufa nyepesi. Tuseme unataka kufika 102, ambayo ni kelele ya kutosha kabisa ndani ya chumba. Ile ya 96 inahitaji wati 4. Ile ya 86 inahitaji wati 40. Muziki uleule, kelele ileile. Hivyo mtu akikuambia "amplifaya yangu ni ya wati 40", bado hajakuambia chochote. Muulize inasukuma nini.

Ndiyo, kuongeza kutoka wati 50 hadi 100 kunakupa desibeli 3 tu. Bei inaweza kupanda mara mbili, lakini sikio lako litasikia "imepanda kidogo".

Transista ilikuwa imegunduliwa Bell Labs Desemba 1947, lakini ilichukua muda kuwa na nguvu ya kusukuma spika nzito bila kuungua. Ilipoweza, wati zikashuka bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bob Carver alitoa Phase Linear 700, wati 350 kila upande. Kutoka wati 1 ya Radiola hadi 350 kabla nusu karne haijaisha.

Na pesa zikiingia, uongo hufuata. Kampuni zilianza kuandika wati za kila aina: za sekunde moja, za upande wote zikijumlishwa, za maabara isiyojulikana. Ikawa mbaya hadi serikali ya Marekani, kupitia Federal Trade Commission, ikaweka sheria mwaka 1974: ukitangaza wati za amplifaya ya nyumbani, sema ni kwa omu ngapi, kwa masafa gani ya sauti, na kwa uchafu kiasi gani, na ziwe wati za kuendelea, si za kupepesa jicho.

Miaka 50 baadaye ingia duka lolote mtaani. Sabufa nyepesi kama mkate, stika mbele imeandikwa maelfu ya wati na herufi nne, PMPO. Hicho kipimo hakina maana yoyote unayoweza kutumia. Angalia nyuma ya hiyo sabufa pale wameandika inakula umeme kiasi gani. Mara nyingi utakuta wati chache kuliko balbu za zamani. Kifaa hakiwezi kutoa nguvu ambayo hakijapewa. Debe tupu haliachi kuvika, na hili limeandikwa PMPO usoni.

Hii ndiyo sababu naandika kwa hasira kidogo. Anayenunua hiyo stika si tajiri anayejaribu bahati. Ni kijana wa mjengo, ni msee wa boda, ni mwanafunzi aliyekula chapati bila madondo mwezi mzima. Ameenda kwa fundi wa mbao, amelipia boksi, ametafuta wufa Gikomba, amefanya kila kitu sawa. Kisha pesa ya mwisho inaenda kwa namba ya uongo, wufa inaungua, na yeye anaamini ni boksi lake ndilo lilikuwa mbaya. Anaacha. Tunapoteza fundi kwa sababu ya stika.

Kuna hadithi nyingine ninayoipenda, ya Neville Thiele, mhandisi wa Australia. Mwaka 1961 alichapisha hesabu zinazoonyesha jinsi ya kujua mapema wufa fulani itafanya nini ndani ya boksi la ukubwa fulani. Kabla yake ujenzi wa spika ulikuwa kubahatisha: kata mbao, toboa tundu, sikiliza, lia, rudia. Alichapisha jarida la kwao nyumbani, na dunia kubwa ya Marekani na Ulaya haikutilia maanani kwa karibu miaka 10. Mmarekani mmoja aliyekuwa akisomea Sydney, Richard Small, aliichukua na kuiendeleza, na mwaka 1971 kazi ya Thiele ikachapishwa upya kwenye jarida la wahandisi wa sauti Marekani. Leo kila wufa ya maana huja na namba zinazobeba majina yao. Elimu ilikuwepo miaka yote hiyo. Ilikuwa tu imezaliwa mahali ambapo watu hawakuzoea kuangalia. Mtu wa Nairobi anaelewa hiyo bila kufafanuliwa.

Na ukidhani haya ni mambo ya wazungu wenye sebule kubwa, enda Kingston, Jamaica, mwishoni mwa miaka ya 1940. Hedley Jones alikuwa amerudi kutoka jeshi la anga la Uingereza, ambako alijifunza rada. Alifungua kazi ya kutengeneza redio, akaanza kujenga amplifaya kwa mkono, moja ikiwa ya Tom Wong, aliyejulikana kama Tom the Great Sebastian. Sound system zote unazozijua, ule utamaduni wa reggae na dancehall unaotetemesha matatu zetu, umekaa juu ya meza za mafundi kama yule. Walijenga amplifaya kwa ajili ya boksi zao na kwa ajili ya uwanja wao. Hawakununua stika.

Sasa sisi. Tuna bahati ambayo Williamson hangeiota. Amplifaya za daraja D, zile zinazowasha na kuzima transista mara laki nyingi kwa sekunde, hazipotezi umeme mwingi kwa joto. Bodi ndogo kama kiganja inaweza kutoa wati za kweli ambazo zamani zilihitaji chuma cha kubebwa na watu wawili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kidude cha plastiki cha bei rahisi chenye chipu ya kampuni ya Tripath kilishangaza watu wa hi-fi. Kilitoa wati chache tu, lakini wale waliokifunga kwa spika nyepesi walibaki midomo wazi. Waliokifunga kwa spika nzito walisema ni takataka. Kidude ni kilekile. Sheria ni ileile ya 1926.

Kwa hivyo ukiwa na boksi zako tayari, fuata mpangilio huu.

Kwanza, jua wepesi wa wufa yako. Kama iko na karatasi yake, tafuta desibeli. Juu ya 92, amplifaya ndogo safi inakutosha. Chini ya 87, jipange kwa misuli.

Pili, jua omu. Wufa za gari nyingi ni omu 4. Ukifunga mbili sambamba unapata 2, na amplifaya nyingi za nyumbani zitapata joto, zijizime, au zikufie. Ukizifunga kwa mfululizo unapata 8 na unalala salama. Pima na mita: ya omu 8 husoma kama 6, ya omu 4 husoma kama 3 na kidogo. Usitishwe na hiyo tofauti, ni kawaida.

Tatu, angalia chumba. Bedsita na ukumbi wa harusi si kitu kimoja. Ukikaa mita 2 kutoka kwa spika, zile wati 4 tulizohesabu zinaweza kuwa ndizo zote utatumia maishani, na caretaker bado atakuja kugonga.

Nne, hesabu umeme unaoingia. Bodi imeandikwa wati 100 mara mbili, halafu adapta iliyokuja nayo ni volti 12, ampea 2. Zidisha: wati 24. Basi. Hiyo "200" ni ushairi. Ukiongeza sauti kupita hapo, amplifaya inakata vichwa vya mawimbi, joto linakwenda kwa koili, na twita inatangulia kaburini. Amplifaya dhaifu inayolazimishwa huua spika nyingi tu, sawa na ile kubwa iliyopita kiasi.

Tano, sasa ndiyo uulize wati. Na bei.

Najua kuna watakaosema mimi ni mtu wa maneno, muziki ni kusikia tu. Sawa, sikiliza. Lakini sikiliza ukijua kwamba ile meza yako yenye vumbi la mbao na gundi ni ya familia moja na meza ya Kloss na ya Hedley Jones. Wao walianza na spika waliyokuwa nayo, wakauliza inahitaji nini. Jamaa wa stika anataka uanze na namba yake kwa sababu hiyo ndiyo kitu pekee anachouza.

Ukienda Luthuli Jumamosi, beba mita yako na karatasi yenye namba mbili, desibeli na omu. Muuzaji akianza na PMPO, mwambie hi-fi yake haifai, uende duka linalofuata.